Stempu za George V ama za George VI, uanze na gani?

Kila tukikutana hapa Nairobi na watu wa stempu, lazima hii stori iibuke. Hizo ni stempu za wakati wa ukoloni zenye hao wafalme wa Uingereza, zote zilichapwa na kampuni ya De La Rue ya London, lakini kazi si moja.

Zile za Kenya na Uganda za 1922, za George V, ni chapa ya letapresi, yaani wino hukaa kwa sehemu zilizoinuka za sahani, rahisi kutengeneza. Za 1938, za George VI, zenye picha ya Kilimanjaro ama Naivasha zilichongwa kwa sahani ya chuma, pitisha kidole polepole utasikia wino umeinuka kidogo, mimi hiyo tu ndio hunimaliza.

Kutunza, George VI anashinda mbali. Kijani na zambarau za zamani za letapresi ziliwekwa wino wa kutoka makusudi ukilowa, ndio mtu asifute muhuri atumie tena, na mimi niliiweka moja kwa beseni nikaenda kupika chai, kurudi maji ni kijani na stempu imepauka kama shati la mtumba!

Lakini hizo za 1938 zina kichwa ngumu: kiwanda cha De La Rue kililipuliwa na mabomu Desemba 1940, na vitobo vya pembeni vikabadilika njiani, so bila kipimo cha vitobo utanunua moja mara tatu.

Bei ya kuanzia, zile za senti chache pande zote ni nafuu. Kama una subira na hicho kipimo, chukua George VI. Kama ni bahasha za guka (babu) hutaki kulowesha, baki na George V.