Giriloyo: nenda kwa ajili ya nta, si kwa ajili ya leso

Mimi naishi kwa batiki. Napiga nta kwa mhuri na sponji, nachovya, naanika, nauza. Kwa hiyo niliposhuka Giriloyo, kijiji cha wachora batiki kilicho chini ya vilima vya Imogiri, kilometa kama 17 kusini mwa mji wa Yogyakarta, Indonesia, sikwenda kupiga picha. Nilikwenda kukagua.

Somo la kuchora batiki hutolewa kwenye banda lisilo na kuta. Unakalia kigoda, mbele yako kuna jiko dogo na kikaango cha nta, mkononi canting: kijiti chenye kibirika cha shaba kisichozidi ncha ya kidole, na mdomo mwembamba. Unachota, unapuliza mdomo usizibe, unachora. Kazi ya nta ni kuzuia rangi. Ikipoa kabla hujachora, hukaa juu juu ya kitambaa na rangi hupenya chini yake. Ikipata moto kupita kiasi hutapakaa. Ibu aliyenifundisha (wanawake wazima wote huitwa hivyo, nami nikafuata) hakuwa na kipimajoto. Akiona moshi unavyopanda, anapunguza moto, basi. Nta yao huchanganywa na parafini na utomvu wa msonobari, maana utomvu ndio unaoishikisha kwenye uzi.

Kilichoninyamazisha ni pale alipomaliza upande mmoja, akageuza kitambaa, akaanza kuifuata mistari ileile upande wa nyuma. Ndiyo maana batiki ya kuchorwa haina nje wala ndani. Huko Malioboro, mtaa wa maduka mjini, muuzaji mmoja alikuwa ameniapia kwamba shati lake ni kazi ya mkono. Nikaligeuza: ndani jeupe. Kilichoorodheshwa na UNESCO mwaka 2009 kuwa urithi wa utamaduni ni ufundi wa nta, si maua yaliyopigwa chapa kiwandani, na kipimo cha kugeuza nguo hakina gharama yoyote. Kifanye kabla hujatoa rupia.

Wanawake wa Giriloyo walichora kwa vizazi, lakini zamani kazi yao iliishia kwenye nta. Kitambaa kilikwenda mjini bado cheupe, kikatiwa rangi huko, na faida ikabaki huko. Baada ya tetemeko la ardhi la Mei 2006 kubomoa nyumba nyingi za Bantul, wilaya kilipo kijiji hiki, yalikuja mafunzo ya kutia rangi, wakaunda vikundi, wakaanza kuuza nguo iliyokamilika. Kwa hiyo ukinunua hapa, usipatane bei kama uko gulioni. Nguo nzima huchukua wiki kadhaa, nyingine miezi, na mara nyingi aliyeichora ndiye anayekukunjia. Muulize pia michoro. Parang, ile mistari ya mshazari, zamani ilikuwa ya watu wa kasri. Truntum, yenye vinyota, huvaliwa na wazazi wa bwana na bibi harusi. Mimi nilichagua kawung, mduara wa mayai manne, kwa kuwa ndiyo inayoonekana rahisi. Si rahisi.

Sasa lawama. Somo la mgeni limefupishwa mno. Unachora kitambaa cha ukubwa wa leso ya mfukoni, kinachovywa rangi ya dukani, kinachemshwa nta itoke, unaondoka nacho bado kibichi. Rangi za asili, yaani nili ya buluu na soga, ile kahawia ya magome ya miti, zinahitaji kuchovywa na kuanikwa tena na tena, na hilo haliwezekani kwa mtu anayesubiriwa na gari. Nakubali. Ila wangeweza kutuonyesha pipa la nili likifanya kazi, hata kwa robo saa. Nililiona kwa kuomba.

Usiondoke bila kunywa wedang uwuh, kinywaji chekundu cha Imogiri: tangawizi, vipande vya mti wa secang unaotoa ule wekundu, majani ya mkarafuu, mdalasini na kungumanga, na sukari ya mabonge. Mwenye miguu apande ngazi mamia hadi makaburi ya wafalme, yaliyoanzishwa na Sultan Agung katika karne ya 17. Mwenye usingizi mwepesi aanze kilimani Mangunan kabla jua halijachomoza, aone ukungu umelala juu ya mto Oyo, ndipo ateremke darasani wakati jiko halijakuwa adhabu. Panga na dereva akusubiri.

Nyota nne. Ya tano nimeishikilia hadi wageni waruhusiwe kuchovya kwenye lile pipa.