Kuinua bodi ya Hilux ya gia za mkono: uzoefu wangu

Hilux yangu sasa iko juu inchi 2, na nimeshaipitisha barabara ya Magadi, vumbi la Suswa na udongo mweusi wa Kitengela wakati wa mvua. Kazi ilifanyika vizuri na ningemrudia fundi yule yule. Ila kama gari lako ni la gia za mkono, usikubali mtu akuongeleshe habari za spesa peke yake, vile vipande vinavyowekwa chini ya bodi kuipandisha. Spesa ni rahisi. Kazi iko kwenye liva ya gia.

Gari ni kabini mbili, injini ya 5L (hilo ni jina lake, si lita tano), dizeli isiyo na tabo, cc 2,986. Nilitaka tairi za 31x10.5R15, yaani za kimo cha inchi 31, na kwa urefu wa kiwandani zingekwaruza madigadi kila nikikata kona kwenye mashimo. Kuinua kwa springi nilikukataa kwa sababu kunabadilisha pembe za shafti, na gari hili hubeba mzigo karibu kila siku. Ukiinua bodi, injini, giaboksi, chasisi na ekseli hubaki palepale. Kinachopanda ni kabini na sehemu ya mizigo tu, juu ya spesa zinazokaa kati ya bodi na chasisi.

Sasa tazama liva ya gia. Imekaa juu ya giaboksi, na giaboksi imefungwa kwenye chasisi. Tundu inamopita liko kwenye sakafu ya kabini. Sakafu ikipanda inchi 2, liva haipandi nayo, kwa hiyo kirungu kinashuka na mkono unakifuata karibu na zulia. Hilo ni la kukera tu. La hatari ni kwamba tundu limesogea mbali na pale liva inapogeukia, na kadiri linavyosogea ndivyo liva inavyohitaji nafasi pana zaidi ya kupita. Gia ya kwanza, ya tatu na ya tano huenda mbele. Ya pili, ya nne na rivasi hurudi nyuma, na huko nyuma liva inaweza kugota kwenye ukingo wa bati kabla gia haijaingia sawasawa. Gia isiyoingia sawasawa huruka. Ikiruka unapoteremka mteremko wa Kona Baridi, barabara ya Magadi, na mzigo, injini imeacha kukushikia gari na umebaki na breki peke yake.

Nilizungumza na mafundi kadhaa, Industrial Area na Kirinyaga Road, Nairobi, kabla sijatoa ufunguo. Mmoja aliniahidi gari siku hiyo hiyo jioni, wala hakuuliza kama ni otomatiki. Mwingine alitaka kukata vipande vya bomba viwe spesa. Niliyemchagua ana gereji ndogo Kariobangi Light Industries. Yeye aliingia kabini kwanza, akakunja zulia, akatia gia zote moja baada ya nyingine huku amemulika tochi kwenye tundu, kisha akarudia kwa liva ya 4x4. "Mkubwa, spesa tutakereza," akasema. "Hizi liva mbili ndizo kazi." Nikamwachia gari.

Spesa zilikerezwa kwa lethi, naironi ngumu, zote kimo kimoja. Boliti mpya ndefu ni za daraja la 10.9. Boliti za zamani zilikuwa zimeshikwa na kutu, na alizilowesha dawa zikalala hivyo usiku kucha badala ya kuzipiga moto, maana raba za bodi ziko hapo hapo. Raba zenyewe tulibadilisha zote. Ukishafungua bodi halafu ukarudisha raba zilizopasuka, unajitafutia kelele za bure.

Liva aliitoa nje kabisa ya giaboksi kabla ya kuichomelea. Chini yake kuna kikombe cha plastiki kinachoishikilia, na joto la kuchomelea lingekimaliza. Akakata shina, akaongeza kipande cha chuma cha unene ule ule, akachomelea kuzunguka, akasaga mpaka ukipitisha kidole huhisi kiungo. Tundu alilipanua upande wa nyuma, akapaka rangi bati alilolikata, akafunga mpira mpya mpana zaidi. Kisha akaniita. Kila gia ikiwa imeingia, alitaka kidole changu kipite kati ya liva na bati. Bodi inakaa juu ya raba, inacheza, na pengo jembamba gari likiwa limesimama litafungika gari likianza kurushwa na mawe. Kwenye rivasi kidole kilibana. Akarudi kusaga.

Baada ya hapo alifuata kila kitu kinachounganisha bodi na chasisi: paipu za breki, paipu ya klachi, kebo ya breki ya mkono, waya wa athi, mpira wa kujazia mafuta, kebo ya mafuta kwenye pampu. Hiyo ya mwisho ilikuwa imevutika na injini ikawa inanguruma juu hata bila kukanyagwa. Rejeta nayo hupanda na bodi huku feni ikibaki na injini, kwa hiyo kava ya feni ililazimika kushushwa ili pangaboi zisiikate. Kwenye steringi alitumia kiungo cha kurefusha kinachofungwa kwa boliti. Shafti ya steringi iliyokatwa na kuchomelewa mimi siipandi.

Barabarani gia zinaingia safi. Mwendo wa kirungu umekuwa mrefu kidogo, na mkono umeshazoea. Tairi hazigusi popote, hata usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho. Lakini mtu asikudanganye kwamba kuinua bodi kunaongeza nafasi chini ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Hapo nimepata kama inchi 1 tu, na imetokana na tairi, kwa kuwa za zamani zilikuwa za takriban inchi 29. Tairi hizo hizo zimefanya spidomita idanganye: ikionyesha 80, gari linakwenda kama 85. Na kwa injini hii, kwenye mlima ninaporudi kutoka Mai Mahiu, gia ya nne inachoka mapema kuliko zamani.

Ambalo halijaniridhisha ni bampa. Zimefungwa kwenye chasisi, kwa hiyo zilibaki chini na pengo likawa wazi. Mabano ya kuzipandisha yalitengenezwa, ila la mbele halijanyooka sawasawa na nimemwambia. Gari pia lilichelewa kuliko tulivyokubaliana, ingawa sehemu kubwa ya muda iliishia kwenye liva, na hapo simlaumu. Gharama nayo ilikuwa hivyo hivyo: ufundi ulikula pesa nyingi kuliko vifaa.

Kampuni ya bima niliiarifu kwa maandishi. Boliti zilikazwa upya raba zilipokwisha kukaa, na kadhaa zilikuwa zimelegea kweli. Wenzangu wananiuliza kama nitaongeza iwe inchi 3. Hapana. Liva ingehitaji kukatwa tena, tundu lipanuliwe tena, na tairi nilizonazo hazihitaji hiyo nafasi.