Glavu za golikipa: tazama kwanza ardhi utakayoangukia

Golikipa wa Lubumbashi anayetafuta glavu aanze kwa kujiuliza ataangukia wapi, kwa sababu povu la lateksi lililo kiganjani, ambalo ndilo linaloshika mpira, humalizwa na ardhi kabla ya kumalizwa na mashuti. Viwanja vingi vya mitaani katika wilaya za mji huo za Katuba na Kenya ni vya udongo mwekundu ambao wakati wa kiangazi hukwaruza kama msasa na mvua zikianza hugeuka matope, ilhali uwanja wa klabu ya TP Mazembe, ulioko wilaya ya Kamalondo, una nyasi bandia, nazo pia hukwangua.

Kwa hiyo naziweka mbele glavu za lateksi ngumu kiasi, yenye unene wa milimita 3.5 hadi 4. Hazinati kama zile za bei ya juu, lakini zinavumilia mazoezi ya kila jioni. Kabla ya kulipa, vuta kidogo mshono ulio kati ya kidole gumba na kiganja, kwa kuwa ndio unaoachia mapema, kisha funga mkanda wa kifundo na kukunja ngumi: ukilegea dukani, uwanjani utafunguka.

Nafasi ya pili ni ya lateksi laini. Hiyo ndiyo inayoshika mpira kuliko zote, hasa ikiloweshwa kidogo kabla ya mechi, ila kuanguka mara chache juu ya changarawe kunatosha kuichana. Mji uliomshangilia golikipa Robert Kidiaba mwaka 2010, timu yake ya TP Mazembe ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, una vijana wengi wanaotaka glavu za aina hii tu, wakisahau kwamba golikipa wa kulipwa hatumii jozi moja msimu mzima. Mwenye uwezo wa kununua jozi mbili aiweke hii kwa ajili ya mechi peke yake.

Tatu ni glavu zenye vijiti vya plastiki ndani ya vidole. Humfaa aliyewahi kuumia kidole, kwani huzuia kisipinde kwenda nyuma. Wengine wataona mkono umekuwa mzito na mpira hausikiki vizuri.

Za mwisho ni zile zenye kiganja cha plastiki laini, zinazoning'inia sokoni zikiwa na nembo kubwa. Niliwahi kununua jozi ya namna hiyo, nayo ilipasuka katika mechi ya pili, baada ya mpira kuniponyoka mara mbili. Afadhali mitumba iliyo nzima, mradi ukikunja kiganja lateksi isionyeshe nyufa wala isidondoshe chenga.

Kuhusu kipimo, azima futi ya fundi cherehani, uzungushe kiganja bila kidole gumba, usome inchi, upandishe hadi namba kamili kisha uongeze moja: mwenye inchi 7.5 atavaa namba 9.

Baada ya mchezo zioshe kwa maji ya uvuguvugu ili vumbi litoke, uzikamue bila kuzisokota na kuzianika kivulini. Baridi ya Juni na Julai huwashawishi wengi kuzikausha kando ya mbabula, yaani jiko la makaa, na kesho yake lateksi imekakamaa, haishiki tena.