Dawa ya mchwa kwenye msingi wa nyumba: tathmini ya huduma niliyoipata kabla ya msimu wa kumbikumbi

Kampuni iliyotia dawa ya mchwa kwenye msingi wa nyumba yangu, ambayo sitaitaja kwa jina, ina ukaguzi wa hali ya juu na dawa nzuri, lakini umwagaji wake wa dawa unahitaji mwenye nyumba asimame pembeni akihesabu.

Niliwaita baada ya kuona mstari wa udongo mkavu, mwembamba kama penseli, umepanda kutoka sakafuni hadi kwenye mwimo wa mlango wa stoo. Niliuvunja kwa kidole kiasi cha shubiri moja, nikawakuta ndani mchwa weupe wakikimbilia gizani, na kulipokucha pengo lile lilikuwa limekwisha kuzibwa kwa udongo ambao bado ulikuwa mbichi. Kwa nje mwimo ulionekana mzima, na rangi yake haikuwa imebanduka popote, ila nilipoubonyeza kwa ncha ya bisibisi, bisibisi ilizama kama imeingia kwenye sifongo.

Fundi mkuu alitumia karibu saa mbili kukagua kabla ya kufungua chombo chochote cha dawa, na hiyo ndiyo sehemu ya huduma ninayoisifu bila kusita. Aligonga miimo yote kwa mpini wa bisibisi akisikiliza palipo na mvungu, akapanda darini kumulika kenchi, kisha akafuata bomba lililokuwa likivuja nyuma ya bafu, kwa maelezo kwamba mchwa wa ardhini hawastahimili hewa kavu na kwamba pale nilikuwa nikiwanywesha mwenyewe. Alipofika kwenye rundo la mbao nililoliegemeza ukutani tangu siku za ujenzi, alisema tu, “Mama, hapa umewajengea daraja.” Mbao ziliondolewa siku hiyohiyo. Udongo wa bustani nao, ambao ulikuwa umepanda hadi kukaribia miimo, ulishushwa ili kati yake na mbao yoyote ya nyumba kuwe na nafasi isiyopungua sentimita 15.

Dawa yenyewe ilikuwa fipronili, na nadhani uchaguzi huo ulikuwa sahihi. Dawa za jamii ya pairethroidi humfukuza mchwa, kwa hiyo akikutana nazo hugeuka na kutafuta mahali ambapo fundi alisahau, na mwishowe hupapata. Fipronili haimshtui. Mchwa hupita katikati ya udongo uliotiwa dawa, hurudi kwa wenzake, na kwa kuwa mchwa hulambana, hufa akiwa ameshaisambaza sumu. Mwenye haraka atakereka, kwani vijia vya udongo ndani ya nyumba yangu vilichukua wiki kadhaa kukauka kabisa. Dawa hii pia ni hatari sana kwa samaki na nyuki, na nilifurahi kwamba swali la kwanza waliloniuliza lilihusu kisima.

Tatizo lilikuja kwenye kumwaga. Lebo ya dawa ilielekeza takribani lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita moja ya mtaro unaochimbwa kuzunguka msingi, kwa kila kina cha sentimita 30. Kuta za nyumba yangu zikizungukwa zina mita 40, yaani lita 200 kwa kina hicho, na pampu yao ya mgongoni ilikuwa ya lita 16, hivyo ilipaswa kujazwa karibu mara 13. Vijana walianza kufukia mtaro walipomaliza pampu ya saba. Nilipouliza, mmoja wao alinijibu kwa heshima zote, “Mama, dawa hii ni kali, ikigusa tu udongo inatosha.” Nilimwambia, “Mwanangu, hebu nisomee hapa,” nikamshikisha lebo. Fundi mkuu alisoma pamoja naye, akaomba radhi, mtaro ukafukuliwa na kazi ikaendelea hadi jioni. Sidhani kama walikusudia kunidhulumu. Walikuwa wamechoka na jua lilikuwa kali.

Kwenye sakafu ya baraza, ambako mtaro hauwezekani, walitoboa zege kwa drili kila baada ya sentimita 30, wakashindilia dawa chini na kuziba matundu kwa saruji kwa unadhifu wa kupendeza. Waliruka ngazi za mlango wa nyuma. Mwezi uliofuata kijia kipya kilichomoza hapohapo. Nilipiga simu mara mbili kabla hawajarudi, ingawa waliporudi walitoboa na kutia dawa bila malipo, kama mkataba ulivyosema.

Lalamiko langu la mwisho ni juu ya tangazo lao, lililoahidi kwamba nikiwahi kabla ya mvua sitaona kumbikumbi. Kuwahi kuna faida, kwa sababu dawa haifai kumwagwa kwenye udongo uliolowa chepechepe au mvua inaponyesha, lakini hakuna dawa ya msingi inayoweza kuwazuia wadudu wanaoruka kutoka vichuguu vya mbali. Mvua ya kwanza iliponyesha walijaa kwenye taa ya baraza, na asubuhi nilifagia mabawa yao dirishani. Sikuwa na wasiwasi, kwani walitokea nje ya nyumba. Wangechomoza kwenye ufa wa sakafu au ukuta ndani ya nyumba, hiyo ingekuwa ishara ya kundi lililokwisha kukaa chini yangu kwa miaka, na tangazo lingewasaidia zaidi wateja kama lingewaeleza tofauti hiyo.

Mkataba una ukaguzi wa kila mwaka. Nimewaandikia waje mapema, waje na mchoro unaoonyesha kila mahali palipotiwa dawa, na waanzie kwenye ngazi za nyuma.