Sarafu za dhahabu za wakia moja kwenye mizani ya sonara wa Arusha

Kwa mkazi wa Arusha au Moshi anayetaka kuweka sehemu ya akiba yake katika sarafu ya dhahabu, chaguo langu la kwanza ni Krugerrand ya Afrika Kusini na la pili ni sovereign ya Uingereza, ingawa zote mbili zimechanganywa na shaba na hazing'ai kama Maple Leaf ya Kanada. Wauzaji wengi wa ng'ambo watakushauri vingine, kwa sababu wao husifu usafi wa sehemu 9,999 kwa 10,000 kuliko jambo jingine lolote. Lakini siku ya kuuza, mtu wa huku atakuwa amesimama mbele ya sonara mwenye mizani, jiwe la kusugulia dhahabu na chupa ya tindikali ya kupimia usafi wake, na sarafu ambayo sonara huyo hawezi kuithibitisha kwa vifaa alivyo navyo itauzwa kwa hasara hata kama ni safi kiasi gani.

Sarafu nilizozishika ni za ndugu na marafiki walioishi Afrika Kusini, Kanada, Austria na Uingereza, na nilizilinganisha kwenye meza ya sonara mzee aliye karibu na Soko Kuu la Arusha. Hizi ni sarafu za uwekezaji, yaani zinafuliwa na serikali au kwa idhini yake, lakini bei yake hufuata bei ya dunia ya dhahabu na haifuati kiasi kilichoandikwa juu yake. Maple Leaf imeandikwa dola 50 za Kanada na Philharmoniker ya Austria imeandikwa euro 100, ilhali Krugerrand ya dhahabu haina thamani yoyote iliyoandikwa. Wakia inayotumika ni ile ya madini ya thamani, gramu 31.1035, ambayo ni nzito kuliko wakia ya kawaida ya gramu 28.35, na ni vizuri mnunuzi alijue hilo kabla ya kutoa fedha.

Krugerrand ilianza kufuliwa mwaka 1967 na ndiyo iliyofungua biashara hii ya sarafu za wakia moja kamili. Ina uzito wa gramu 33.93, kwa kuwa ni dhahabu ya karati 22, yaani sehemu 22 za dhahabu kati ya 24: wakia moja nzima ya dhahabu, na juu yake gramu karibu 2.8 za shaba. Shaba hiyo huipa rangi ya wekundu kidogo, na ndiyo inayoifanya iwe ngumu. Niliyoishika ilikuwa ya miaka ya 1970, imekaa mifukoni na kwenye makabati miaka yote hiyo, na bado manyoya ya shingo ya swala aliyechongwa na Coert Steynberg yalionekana moja moja, na meno ya ukingoni yalikuwa hayajalala. Sonara aliizungusha kwa kidole gumba, akaigonga kwenye kioo cha meza ikalia sauti ndefu nyembamba, kisha akaipima na kuandika hesabu kwenye kikokotoo bila kuuliza swali. Dhahabu ya karati 22 ndiyo anayoifanyia kazi katika bangili za harusi, kwa hiyo anaijua kwenye jiwe, anajua tindikali ipi ya kuitumia, na hana sababu ya kukukata bei kwa wasiwasi.

Upande wa pili wa sarafu hiyo una sura ya Paul Kruger, rais wa Makaburu wa Transvaal mwishoni mwa karne ya 19, na kwa Mtanzania hilo si pambo tu. Dhahabu ya Krugerrand za zamani ilichimbwa katika migodi ya utawala wa kibaguzi, na miongoni mwa waliowahi kushuka katika migodi hiyo walikuwa vijana wa Rungwe na Mbeya waliochukuliwa wakati wa ukoloni na Wenela, shirika lililoajiri vibarua wa migodi ya Afrika Kusini. Nchi yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC makazi na shule Mazimbu, Morogoro, wakati sarafu hii ikiuzwa kwa wingi Ulaya na Marekani. Marekani yenyewe ilipiga marufuku uingizaji wake mwaka 1985 na kuuruhusu tena mwaka 1991. Hapa Arusha, ambako Makaburu kadhaa walihamia mwanzoni mwa karne ya 20 chini ya Wajerumani, jina la Kruger halikuwa geni kwa wazee. Ninaipendekeza sarafu hii kwa ubora wake, lakini mtu ambaye dhamiri yake inakataa sura hiyo namheshimu, naye ana sovereign ya kuchagua.

Maple Leaf ilianza mwaka 1979, na tangu mwaka 1982 imekuwa dhahabu ya 9,999 kwa 10,000. Ina kipenyo cha milimita 30 na uzito wa wakia moja bila nyongeza ya metali nyingine, na kwa macho ndiyo nzuri kuliko zote: njano iliyokolea, jani limechongwa hadi mishipa yake. Lakini dhahabu safi ni laini mno. Ile niliyoiona ilikuwa imetolewa kwenye kifuko chake na kuwekwa pamoja na sarafu nyingine, ikapata alama kwenye uwanda wake mtupu, na ukingo ulikuwa umebonyea mahali pamoja, bila shaka kwa kuanguka sakafuni. Uzito haujapungua, ila sura ya sarafu iliyoumizwa humfanya mnunuzi aanze kuuliza maswali. Kanada imejitahidi sana kuzuia kughushi: sarafu za miaka ya karibuni zina mistari myembamba inayosambaa kutoka katikati, na jani dogo sana lililochongwa kwa mwanga wa leza, lenye tarakimu mbili za mwaka, ambalo huonekana vizuri kwa kioo cha kukuzia. Kwa sonara aliyewahi kuziona alama hizo zina maana kubwa, na kwa asiyezijua ni michoro tu.

Philharmoniker ya Austria, iliyoanza mwaka 1989, ni safi vilevile, lakini ni pana, milimita 37 kwa unene wa milimita 2 tu. Ala za muziki zilizochongwa juu yake zinapendeza. Kwa upana na wembamba huo, pamoja na ulaini wa dhahabu safi, nisingeipendekeza kwa mtu asiye na mahali pazuri pa kuihifadhi.

Sovereign ndiyo ninayotamani wengi waifahamu. Katika umbo lake la sasa ilianza mwaka 1817, na Mtakatifu George akipambana na joka, kazi ya Benedetto Pistrucci, bado yuko juu yake. Ina gramu 7.99 za karati 22, ambazo ndani yake mna gramu 7.32 za dhahabu safi, yaani chini kidogo ya robo ya wakia. Faida yake kwa watu wa kipato cha kati ni kubwa. Oktoba 2025 bei ya wakia moja ilipita dola 4,000 kwa mara ya kwanza, ambayo kwa shilingi ilikuwa ni karibu milioni kumi. Ni wachache kati yetu wanaoweza kutoa kiasi hicho kwa mara moja, na walio wachache zaidi ni wale ambao, wakihitaji ada ya shule ya shilingi milioni mbili, wangependa kulazimika kuuza milioni kumi nzima. Sovereign inaweza kununuliwa mojamoja na kuuzwa mojamoja. Mnunuzi ajue tu kwamba kadiri sarafu inavyokuwa ndogo ndivyo nyongeza juu ya bei ya dhahabu inavyokuwa kubwa kwa kila gramu, kwa sababu gharama ya kufua sarafu ndogo haitofautiani sana na ya kufua kubwa.

Sasa nije kwenye kupima, kwa sababu hapa ndipo karati 22 inaposhinda kwa namna ambayo wauzaji hawaisemi. Jiwe na tindikali husoma ngozi ya juu tu, na mashine za mionzi nazo hazizami sana. Mghushi hodari hutumia tungsteni, metali ambayo uzito wake kwa ujazo unalingana karibu kabisa na wa dhahabu safi, kisha akaipaka dhahabu. Kipimo cha maji ni rahisi na hakikwaruzi sarafu: weka glasi ya maji juu ya mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, irudishe kwenye sifuri, halafu ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni; mizani itasoma uzito wa maji ambayo sarafu imeyasukuma. Krugerrand halali itasoma takriban gramu 1.9. Shaba nyeupe au njano iliyopakwa rangi, kwa uzito uleule, itasoma karibu gramu 4. Tungsteni ya uzito huo ingesoma karibu 1.76, na tofauti hiyo mizani nzuri inaiona. Lakini kwa Maple Leaf, halali husoma takriban 1.61 na ya tungsteni ya uzito uleule husoma karibu 1.62, tofauti ambayo hupotea katika mtikisiko wa mkono. Usafi unaosifiwa ndio unaompa mghushi mwanya. Sonara mzee alinitazama nikifanya kipimo hiki, akaomba arudie mwenyewe, na akakiri kwamba atakitumia.

Sarafu za fedha nazipitia haraka. Silver Eagle ya Marekani, iliyoanza mwaka 1986, na Maple Leaf ya fedha ya mwaka 1988 ni nzuri kutazama, ila ile ya Kanada inajulikana kwa madoa meupe yanayojitokeza baadaye, na hapa kwetu bei ya kununulia fedha kwa sonara ni ya chini kiasi kwamba nyongeza uliyolipa hairudi. Somalia ina sarafu ya tembo ya fedha inayofuliwa Munich, nayo ni ya wapenda picha.

Bado kuna jambo la bei ya kuuzia, na ni lazima lielezwe bila kupambwa. Nilipomuuliza mzee kama angenilipa zaidi kwa kuwa ni sarafu maarufu, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, mimi nanunua gramu, picha ni yako." Maana yake ni kwamba nyongeza yote uliyolipa kwa muuzaji wa Johannesburg au Dubai utaiacha mezani, na juu yake atakata faida yake. Duka jingine nililoingia siku hiyohiyo lilitaka kuhesabu Krugerrand kama karati 18 kwa sababu tu haina alama ya karati kama pete, ingawa maandishi ya wakia moja ya dhahabu safi yapo wazi chini ya swala. Hata hivyo, ukilinganisha na bangili, sarafu bado inashinda: bangili hubeba pesa ya ufundi ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko nyongeza ya sarafu, nayo haipatikani tena siku ya kuuza.

Sarafu chache hazipaswi kufika kwenye mizani ya sonara kabisa. Rupia 15 ya dhahabu iliyofuliwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, yenye tembo mbele ya Kilimanjaro, ina thamani kwa wakusanyaji inayozidi sana dhahabu yake, na vivyo hivyo shilingi 1,500 ya dhahabu ya mwaka 1974 yenye duma. Familia yenye moja ya hizo itafute kwanza mnada wa sarafu, maana sonara ataziyeyusha kwa gramu kama pete iliyokatika.

Anayenunua nje aje na risiti yenye jina lake, aina ya sarafu na uzito, na aitangaze forodhani anapoingia mpaka wa Namanga au uwanja wa ndege wa KIA. Anayeuza hapa auze kwa sonara mwenye leseni na adai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Karatasi hizo, pamoja na picha za pande zote mbili za kila sarafu, zikae mbali na sarafu zenyewe, na awepo ndugu mmoja anayejua zote ziliko.