Gundi nyeusi ya mabomba ya plastiki ya ABS kwenye tangi la choo la RV: nyota 4 kati ya 5

Miaka minne iliyopita ungeniambia ntanunua nyumba yenye matairi ningekucheka, ila hapa Texas ukishakuwa na watoto watatu na hoteli ya usiku mmoja inakula hela ya mafuta ya safari nzima, unaanza kuwaelewa hawa watu wa nyumba za matairi. Tukachukua RV, ndo hiyo nyumba yenye matairi, ya mtumba. Imetupeleka Galveston, San Antonio, kote huko, mpaka siku mama watoto ameinama anafungua kiti cha kukunja akaniuliza, baba watoto, hicho kinachodondoka hapo chini ni nini?

Sikutaka kujibu maana harufu ilishajibu.

Kwa wasiojua, RV ina tangi la maji safi, tangi la maji ya kuogea na vyombo, na tangi la choo ambalo halikai chini ya ardhi kama chemba ya nyumbani, linaning'inia chini ya gari na unatembea nalo. La kwangu ni galoni 40, yani kama lita 150, likijaa ni kilo 150 na ushee za mzigo ambao hakuna anayetaka kuuzungumzia. Na huku kumwaga hata kidogo ardhini ni kosa la faini, kwa hiyo kitobo kama punje ya choroko sio kitu cha kusema ah tutaangalia wikendi ijayo.

Gereji moja wakaniambia tangi haliwezi kuzibwa, libadilishwe, dola 900 na nisubiri wiki tatu. Nikawashukuru nikaondoka. Nikanunua gundi ya epoksi ile ya kukanda kama unga wa ngano, nikaifinyanga nikaibandika kwenye tobo, ikakauka ngumu kama jiwe nikajiona fundi. Siku ya nne barabarani ikabanduka yote kipande kimoja kama ukoko wa wali. Baadae ndo nikaelewa, tangi likijaa linatuna kidogo na gari ikipita kwenye mashimo linacheza, epoksi yenyewe haichezi, alafu na mimi sikupiga msasa wala kusafisha vizuri, nilikuwa na haraka ya kutoka chini ya ile kitu.

Aliyenisaidia ni kaka mmoja Mkenya tunapiga naye kazi ya lori, nilimpigia simu akacheka kwanza kama dakika nzima. Alafu akasema, ndugu yangu, wacha mambo ya epoksi, kwanza jua hilo tangi ni plastiki gani. Hiki ndo kitu cha maana kuliko vyote ntakavyoandika hapa. Matangi haya mara nyingi ni ABS au polithini. Chukua pamba weka asetoni kidogo, ile dawa kali ya kutolea rangi ya kucha, sugua sehemu iliyojificha, ikianza kunata na pamba ikatoka nyeusi hiyo ni ABS. Isipofanya kitu basi ni polithini, na hapo gundi hii usiinunue kabisa maana haitashika, polithini inataka moto, kama wale mafundi wa mtaani wanaoziba ndoo na madumu kwa kisu kilichochomwa. Ukipata kikwaruzo cha plastiki yenyewe weka kwenye glasi ya maji, polithini inaelea, ABS inazama. Changu kilizama.

Sasa gundi. Ni ile ya mafundi bomba, nyeusi, ya mabomba ya ABS, inauzwa kwenye kikopo chenye brashi ndani ya kifuniko, duka lolote kubwa la vifaa vya ujenzi wanayo na mi nililipa chini ya dola 12. Uzuri wake haibandiki juu juu. Inayeyusha ile plastiki kidogo alafu ikikauka vinakuwa kitu kimoja, ndo maana haibanduki kama epoksi.

Kabla ya hapo nilimwaga tangi kwenye kituo cha kumwagia, nikalisuuza mara tano mpaka maji yakatoka meupe, nikaacha valvu wazi siku mbili likauke. Nikakata lile bati la plastiki linalofunika tumbo la gari, nikaona kumbe tobo lina mkia, ufa mwembamba kama unywele wenye inchi mbili. Mwisho wa ufa nikatoboa kitundu cha milimita 3 kwa drili. Najua kutoboa tangi linalovuja ni kama kichaa, lakini usipofanya hivyo ufa unaendelea kutembea chini ya kiraka chako. Msasa namba 80 mpaka kung'aa kukaisha, nikafuta na asetoni, nikapaka gundi, nikalaza kipande cha wavu wa faibaglasi ule wa kuzibia nyufa za ukuta, nikapaka tena juu.

Ila gundi peke yake ni nyepesi, kwenye tobo lenyewe inazama tu. Yule kaka akaniambia tengeneza uji wa ABS, vipande vya plastiki hiyohiyo kwenye asetoni. ABS ntaitoa wapi saa tatu usiku? Lego. Matofali ya Lego, yale ya kuchezea watoto, ni ABS. Nikaiba kama kumi hivi nyeusi kwenye boksi la kijana wangu, nikayakatakata na koleo nikayamwagia asetoni kwenye kikombe cha plastiki cha pati, nikageuka kutafuta kijiti, kurudi kikombe hakina kitako na meza ina doa mpaka leo. Tumia chupa ya glasi jamani. Asubuhi ilikuwa uji mzito kabisa, nikaujazia kwenye tobo kidogo kidogo, mikono mitatu kama ya rangi, kila mkono nikisubiri ukauke kwanza. Nikaacha masaa 24.

Vaa miwani, unafanya kazi umelala chali na hiyo kitu inadondoka usoni. Na zima gesi yote ya gari, friji na jiko, maana mvuke wa asetoni unashika moto kirahisi na tangi la choo lina gesi yake pia.

Kupima sikuweka maji robo, nikajaza mpaka juu maana tobo liko chini na kinacholisukuma ni uzito. Nikatandika maboksi makavu chini nikalala. Asubuhi makavu. Sasa hivi wiki ya tisa, tumeshaenda pwani mara mbili na barabara mbovu moja ya shambani, hakuna tone.

Nyota moja naitoa kwa sababu gundi inakauka haraka mno mkononi, harufu yake inaumiza kichwa, na kopo ukishalifungua hata ukilifunga vipi baada ya mwezi ni jiwe. Nusu ya kopo nimetupa. Wanaouza wangetoa kopo dogo, nani anatoboa tangi kila mwezi?

Kitu kimoja nilikaribia kukisahau: kilichotoboa tangi sio jiwe la barabarani, ni chuma cha fremu kilikuwa kinasugua kona ileile miaka yote. Ningeziba nikaondoka lingetoboka tena pembeni. Nikakata ndala yangu ya zamani, nikachomeka ule mpira katikati ya chuma na tangi nikaufunga na waya. Umekaa.