Ofisi ya wahandisi washauri: michoro mizuri, usimamizi wa kusuasua

Nyumba yetu ya ghorofa huko Goba, Dar es Salaam, ilisanifiwa na ofisi ndogo ya wahandisi washauri ambayo sitaitaja jina. Ninaipa nyota tatu kati ya tano.

Hesabu zote zilifanywa na mhandisi mhitimu, kijana aliyetoka chuo si muda mrefu, na hilo halina ubaya wowote. Tangu Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997, mhitimu anaruhusiwa kufanya kazi chini ya uangalizi wa mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa, na mpango wa mafunzo kazini wa SEAP, ulioanzishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi mwaka 2003, umekusudiwa kumlea kwa miaka mitatu kabla hajaomba utaalamu kamili. Mteja akimkuta kijana mezani asishtuke. Aulize tu ni nani anayeikagua kazi yake.

Hapo ofisini jibu lilikuwa wazi. Tulipoomba kuona karatasi za hesabu, tulikuta zimejaa kalamu nyekundu ya msimamizi. Kwenye ukurasa wa slabu ya juu alikuwa ameandika: “Tangi la maji liko wapi?” Kijana alikuwa amehesabu uzito wa kawaida wa watu na samani, akasahau tangi la lita 5,000, ambalo likijaa hubeba maji ya tani 5 yaliyokaa mahali pamoja. Ukurasa ulirudiwa, na ule wa kwanza ukahifadhiwa kwenye faili badala ya kutupwa. Sijaona ofisi nyingi zinazotunza makosa ya wanafunzi wake kwa nidhamu hiyo.

Saiti mambo yalikuwa mengine. Mkataba ulitaja usimamizi wa mhandisi mtaalamu, na ada tulilipa kwa kiwango hicho, lakini siku ya kumwaga zege la ghorofa ya kwanza alikuja kijana peke yake. Roshani yetu haina nguzo kwa mbele, hivyo inategemea nondo za juu, na mafundi walikuwa wamezikanyaga mpaka zikalala karibu na mbao za chini. Kijana aliliona hilo akasimamisha kazi. Fundi mkuu, mtu wa umri wa baba yake, alimjibu, “Zege halilali, mwanangu,” huku mashine ikiendelea kuzunguka. Kijana alimpigia msimamizi wake simu ambayo haikupokelewa, akabaki amesimama juu ya nondo hizo ili mtu yeyote asimwage. Msimamizi alipopiga baadaye alimuunga mkono, nondo zikainuliwa, ila zege lililokuwa limechanganywa likaharibika.

Mkandarasi alitaka kutudai gharama hiyo. Ofisi ikaandika barua kwamba amri ya kusimamisha ilikuwa yake na kwamba ilikuwa sahihi, bila kumtupia kijana lawama, na nyota ya tatu imetokana na barua hiyo. Nyota zilizopotea zimetokana na daftari la ukaguzi, ambalo mtaalamu alilitia saini slabu ikiwa imekwishamwagwa, yaani alithibitisha nondo ambazo hakuna mtu angeweza kuziona tena.

Baada ya jengo la ghorofa 16 kuporomoka katikati ya Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, wenye nyumba wengi tumekuwa wakali kuhusu muhuri wa mhandisi kwenye michoro. Muhuri huonyesha atakayewajibika. Hauonyeshi aliyekuwepo saiti, na mhitimu aliyeachwa peke yake mbele ya mafundi wazoefu hana cheo cha kuwazuia hata akiwa na haki.

Kwa slabu iliyofuata tulikiandika upya kipengele cha usimamizi: mtaalamu mwenyewe afike na kutia saini nondo zikiwa bado zinaonekana, la sivyo zege lisichanganywe. Ofisi iliongeza ada kwa ajili ya ziara hizo, nasi tukalipa.